Misumari ya Mzee Ngigi

Subukia
12 Januari 2025

Mama yangu mpendwa Wachuka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kelele za misumeno hapo Elburgon bado hazijakumaliza masikio. Mimi nipo, kwa kadiri mzee wa miaka themanini na mbili anavyoweza kusemwa kuwa yupo. Miguu imevimba na pumzi ni fupi, lakini nakula, na Nekoye, anayenitunza, hupika ugali kana kwamba analisha kikosi kizima cha jeshi kule Lanet.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ipo. Simu ni ya watu wote. Kwa sababu sisikii vizuri, Nekoye huiweka kwenye spika, na spika hiyo inafika hadi kwa jirani. Mara ya mwisho nilikuambia kwamba choo kimekuwa kigumu, na kabla ya jua kutua watu watatu walikuwa wameleta mapapai. Ninalotaka kukuambia leo sitaki liletewe mapapai.

Daktari wa moyo kule Nakuru anasema moyo wangu umekuwa mkubwa. Nilimuuliza kama hiyo ni sifa. Akasema hapana, maana yake umechoka, na akanishauri niweke mambo yangu sawa. Nimeyaweka. Kaburi ni pale kando ya mama yenu, upande wa kahawa. Suti ni ile ya kijivu. Wasifu wa marehemu nimeuandika mwenyewe, kwa maana nimekaa kwenye mazishi mengi nikisikia watu niliowafahamu vizuri wakigeuzwa malaika na mpwa aliyeshika karatasi juu chini. Nimeutia humu kwenye bahasha. Usome polepole, hasa pale panaposema: "Marehemu hakuwa na vidonda vya tumbo. Aliugua ugonjwa wa huzuni kwa zaidi ya miaka hamsini, na hakumwambia mtu."

Ndiyo, Mama. Lile tumbo halikuwa tumbo.

Ulikuwa ugonjwa wa kuja na kwenda. Ukija, ni kama mtu amezima redio ndani ya nyumba, na wengine wote wanaendelea kucheza muziki ambao wewe huusikii. Nilifundisha Jiografia hivyo hivyo. Nilichora Bonde la Ufa ubaoni, nikaeleza lilivyopasuka, nikarudi nyumbani nikajifungia chumbani na kusema ni tumbo. Mwanamume akisema tumbo, huletewa maziwa. Akisema moyo umejaa giza, huletewa wazee wa kanisa.

Aliyenifumania ni daktari mwingine, kijana anayeitwa Akoth, niliyepelekwa kwake kwa sababu silali. Aliniuliza kama kuna wakati naona maisha hayana maana. Nikamwambia, daktari, mimi nimefundisha kidato cha nne Ijumaa saa tisa mchana, hilo ni swali gani. Hakucheka. Akaniuliza kama huwa ninalia. Nikasema hapana, na nikiwa bado kwenye hilo neno, machozi yakanidondokea kwenye shati. Sasa natumia vidonge vyake. Nekoye anajua ni vya presha.

Nakuandikia kama mwana kwa mama yake, maana jina la mama yangu nilikupa wewe ulipozaliwa, na yeye ndiye mtu pekee niliyewahi kumdokezea nikiwa kijana. Alinipa uji akaniambia nikalale. Sikuombi uji. Nakuomba siku ya mazishi usome karatasi hiyo mbele ya watu, ndugu yako Mbugua akiwa amekaa mstari wa kwanza. Kwa sababu Mbugua naye ameanza kusema ana vidonda vya tumbo. Kila jioni anatoka dukani, anaingiza pikapu ndani ya boma, anazima injini, na anakaa humo ndani vioo vikiwa juu. Sue, mkewe, anasema anasikiliza habari. Pikapu ile haina redio.

Usimwambie kitu mpaka nife.

Mwanao,
Ngigi


Elburgon
20 Januari 2025

Ngigi mwanangu,

Umekula? Umelala? Umevaa soksi zile za sufu nilizokuletea, au bado umezihifadhi kwa ajili ya wageni? Huku sisi ni wazima. Mvua hakuna, mbao zinakauka vizuri, na wafanyakazi wananiheshimu kwa sababu nina sauti kushinda mashine.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika, nikamfukuza mteja aliyekuwa anaomba apunguziwe bei, ingawa huyo alistahili hata siku nyingine. Unajua mimi na Mbugua tulilelewa na lile tumbo? Lilikuwa mtu wa tano ndani ya nyumba. "Msicheze mpira, tumbo la baba limeamka." Mama alisaga kabichi, akakamua maji yake, ukayanywa huku sisi tumesimama mlangoni tukiomba Mungu yafanye kazi. Mimi mpaka leo siwezi kula kabichi. Kumbe tulizitesa mboga za watu bure.

Sikulaumu kwa ugonjwa. Nikuambie ninachokulaumia. Hiyo karatasi siisomi. Unataka kumwambia Mbugua ukiwa ndani ya sanduku, maua juu, kwaya inaimba, ili asiweze kukuuliza hata swali moja. Ulikuwa mwalimu mkuu, Baba. Unajua mwanafunzi anayeacha jibu mezani na kutoka mbio.

Mwambie mwenyewe. Anakaa hatua chache kutoka mlango wako, ndani ya gari lililozimwa. Nenda ugonge kioo.

Nasema kama mama, na mama hajibiwi.

Mama yako,
Wachuka


Subukia
9 Februari 2025

Mama Wachuka,

Salamu nyingi. Soksi nimevaa. Natumaini kifua chako kimepona ile homa ambayo Sue aliniambia unayo na wewe hukuniambia, kwa hiyo tusisimangane sana kuhusu siri.

Nimejaribu. Nitakueleza jinsi nilivyojaribu, usicheke.

Jumatatu jioni nilichukua fimbo nikaenda hadi kwenye pikapu. Nikagonga kioo. Mbugua akakishusha, akanitazama kwa yale macho yake. Akasema, "Baba, unahitaji kitu?" Nilikuwa nimepanga sentensi ya kwanza tangu asubuhi. Ikapotea. Nikaona nyuma kuna bidhaa za ujenzi za duka lake, nikasema, "Nataka misumari." Akauliza ya inchi ngapi. Nikasema nne. Nikarudi nyumbani na kilo mbili za misumari.

Jumatano nilirudi. Nikapata bawaba.

Jumamosi nilikaza moyo kabisa, huo mkubwa uliochoka, nikamwambia, "Mbugua, kuna jambo." Akafungua mlango akashuka, akasimama mbele yangu ameshika kiuno. Mama, hivyo ndivyo alivyokuwa akisimama baba yangu. Nikamuuliza kama ana vanishi.

Nekoye alipoona kopo la vanishi akaniuliza, "Mzee, kwani tunajenga?" Nikamwambia afanye kazi yake. Akasema, "Mimi nafanya. Ni wewe unaanza ingine."

Nataka uelewe kitu. Watu hudhani kumpa mtoto jina la babu yake ni kumpa zawadi. Baba yangu, yule Mbugua wa kwanza, alikamua ng'ombe wa mzungu hapa bondeni miaka mingi kabla ya kupata shamba lake, na sikuwahi kumwona akikiri chochote. Siku tulipomzika mama yangu, macho yake yalijaa maji. Akasema ni moshi. Tulikuwa makaburini, moto hakuna popote. Hata hivyo watu wazima kumi wakageuka kutafuta moshi unatoka wapi, mimi nikiwa mmoja wao.

Kisha nikapata mtoto wa kiume, nikamwita Mbugua kama inavyotakiwa. Nikamwita Baba tangu akiwa kwenye nepi. Wageni wakija, anapewa kiti. Akianguka na kuumia goti, shangazi zake wanamwambia, "Wewe ni Mbugua, Mbugua halii." Na kweli hakulia. Nilifurahi, kisha nikaanza kumwogopa. Nilimpa mtoto jina la mtu niliyemwogopa, na ikawa kazi yangu kumwogopa mtoto. Sijawahi kumchapa, lakini pia sijawahi kumkumbatia. Nyinyi wawili mlipopigania mandazi niliondoka jikoni, kwa sababu niliona wazazi wangu wanagombana na hainihusu.

Kwa hiyo usiseme ni hatua chache. Ni umbali wa kutoka hapa hadi kwa baba yangu.

Mwanao,
Ngigi

Nikipata nafasi wiki hii nitajaribu tena. Daktari wa moyo anasema nisibebe vitu vizito, kwa hiyo naomba Mungu pikapu isiwe na saruji.


Elburgon
23 Februari 2025

Ngigi,

Hujambo? Mimi sijambo, ingawa mbavu zinaniuma, na nitakueleza sababu.

Juzi Mbugua alinipigia simu. Ndugu yangu hanipigii simu isipokuwa kuna msiba au uchaguzi. Hakunisalimia hata. Akasema, "Dada, Mzee amekuagiza mbao?"

"Mbao za nini?"

"Hiyo ndiyo nakuuliza wewe. Wewe ndio uko na mbao."

"Mimi sijaagizwa kitu."

"Amechukua misumari. Amechukua bawaba. Amechukua vanishi, na jana amechukua msasa na vishikio viwili vya mlango, vile vya shaba. Wachuka, usinifiche. Anajitengenezea sanduku."

Nikamwambia labda ni kabati.

"La kuweka nini? Sue anasema kuna lingine. Anasema ni nyumba ya Nekoye. Ati Mzee anataka kuoa."

Hapo nilicheka mpaka nikaweka simu chini, na wafanyakazi wakazima mashine wakidhani nimekatika kidole. Nilipoichukua tena, alikuwa bado yuko, lakini sauti imebadilika. Akasema, "Wewe cheka tu. Mimi ndiye nitamkuta amejifungia humo ndani." Halafu nikasikia anavuta pua. Nikamuuliza kama analia. Akasema ni vumbi la saruji.

Baba, usidhani alikuwa anasimama mbele yako kama mzee wako. Alikuwa anasimama kama mtoto anayeogopa baba yake anajipima sanduku.

Sasa nikuambie langu, kwa kuwa tumeanza. Nimekuwa mama yako tangu nikiwa na miaka minne. Ilikuwa raha. Nilikukemea mbele ya wageni na watu wakapiga makofi. Lakini mume wangu alipofariki, ulikuja Elburgon, ukakaa kwenye kiti, ukanitazama kama mwana anayetazama mama yake, ukisubiri nikuambie kila kitu kitakuwa sawa. Nikakuambia. Nikakupikia. Ulipoondoka ndipo nikakumbuka aliyefiwa ni mimi. Usiku ule nilitaka baba, na nilikuwa nimemzaa.

Hilo silisemi ili uumie. Nasema jina ni heshima, lakini ukilivaa bila kulivua linabana kwapani. Baba yako Mbugua amezikwa, na moshi wake ameenda nao. Huyu wa pikapu ulimpeleka kliniki mgongoni akiwa na surua. Mwite mwanangu uone kama utakufa.

Na mimi, kwa barua moja tu, niandikie kama baba.

Binti yako,
Wachuka


Subukia
16 Machi 2025

Binti yangu Wachuka,

Pole. Nimeandika neno hilo nikaliacha kwenye meza siku kadhaa, nikitafuta la kuongeza, na sikupata. Pole, binti yangu. Ulifiwa na mume, nami nilikuja nikala chakula chako. Nilipaswa kupika. Ni kweli sijui kupika, lakini ungelazimika kucheka, na hiyo ingekuwa kitu.

Afya yangu ni ya kupanda na kushuka. Nalala nimeegemea mito mitatu. Sasa sikiliza yaliyotokea.

Jumapili baada ya ibada nilitembelewa na wazee wa kanisa wanne, Mzee Maina akiwa mbele, na Mbugua nyuma yao ametazama viatu. Walikaa. Walikunywa chai. Mzee Maina akaanza kwa kunisifu, ndipo nikajua mambo ni mabaya.

"Mwalimu," akasema, "tumekuja tu kukujulia hali. Na pia tumesikia kuna ujenzi."

"Hakuna ujenzi."

"Sisi hatukatazi ujenzi. Ila kama kuna mtu ataingia kwa hiyo nyumba, ni vizuri kanisa lijue mapema. Hata kwa umri wako, mambo hufanywa kwa utaratibu."

Nekoye alikuwa ameleta mandazi. Akayaweka chini akasema, "Kama ni mimi mnasema, mimi nina bwana Bungoma, na ana meno yote."

Mzee mmoja akasema basi kama si harusi ni lile jambo lingine, na kwamba Mkristo hatengenezi sanduku lake mwenyewe, hiyo ni kumharakisha Mungu. Wakaniombea yote mawili kwa pamoja, wasikosee. Wakati wa maombi nilifungua jicho nikamwona Mbugua. Alikuwa macho wazi kama mimi, ananitazama, na shavu lake linatetemeka. Wachuka, ulisema kweli. Lilikuwa shavu la mtoto.

Walipoondoka wamemaliza mandazi, nilimfuata kwenye pikapu. Sikugonga kioo. Nilizunguka upande wa pili nikaingia, nikakaa, nikafunga mlango. Hakukuwa na nafasi ya kununua kitu.

Nikamwambia, "Mwanangu."

Akageuka nyuma kutazama ni nani ninayemwita.

Nikamwambia sijengi chochote. Nikamwambia kila nilipokuja nilikuja na neno, nikarudi na misumari. Kisha nikalisema. Nikasema vile vidonge si vya presha. Nikasema tumbo lilikuwa huzuni, miaka yote ile, na kuna asubuhi nilizotamani zisifike. Nikasema namwona akikaa humu jioni, na naujua ukimya huo, niliukalia kabla yake.

Alishika usukani kwa mikono miwili kana kwamba tuko barabarani. Kisha akasema, "Kwa hivyo zile siku tuliambiwa tusicheze mpira."

"Ndiyo."

"Nilidhani umekasirika na mimi."

"Hapana."

"Miaka yote hiyo nikijiuliza nimefanya nini." Halafu akasema, bila kuinua sauti, "Mimi sina hiyo kitu, Baba. Mimi nina vidonda. Na mimi ni Mbugua. Ni wewe ulinifundisha Mbugua ni mtu wa aina gani. Sasa unakuja kunifundisha kingine, nikiwa na miaka hamsini?"

Akashuka, akafunga mlango, akaenda kwake.

Kuna jambo sikulijua kuhusu pikapu ile. Mlango wa upande wa abiria hufunguliwa kwa nje tu. Nilivuta kila kitu kilichovutika. Nikapata taa, nikapata waipa, honi sikuthubutu. Nikakaa humo nikitazama shamba langu kupitia kioo, nikielewa kidogo kwa nini anapapenda. Pana utulivu. Aliyekuja kunifungua ni yeye mwenyewe. Alifungua, akasubiri nishike fimbo, akanishika kiwiko nishuke, akanisindikiza hadi mlangoni. Tangu siku hiyo hajasema nami. Anapita dirishani kama mtu anayepita benki inayomdai.

Ile karatasi ya wasifu naomba uichome kwenye jiko. Ulikuwa umesema kweli juu yake pia. Lakini sasa sina karatasi, na sina mwana. Nimefanya vibaya kusema? Nijibu kama binti. Wa kunikemea nimepata wa kutosha.

Baba yako,
Ngigi


Elburgon
30 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Sijawahi kukuandikia neno hilo, na kalamu ilisita, lakini limekaa vizuri.

Karatasi nimeichoma. Hujafanya vibaya. Nimempigia Mbugua, hashiki simu. Sue anasema anakula, anaenda dukani, anarudi. Anasema sasa haketi tena kwenye pikapu, ameanza kukaa kwenye choo. Sijui kama hayo ni maendeleo.

Nilipanga kuja, mvua imekata barabara ya shambani na lori limezama. Barabara ikifunguka nitakuja. Umpe muda. Wewe ulihitaji miaka hamsini na daktari.

Uvae soksi.

Binti yako anayekupenda,
Wachuka


Nakuru, kliniki, kwenye benchi
12 Mei 2025

Kwa binti yangu Wachuka,

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini u mzima na kwamba lori limetolewa kwenye matope. Utaona mwandiko huu si wangu. Mkono wangu sasa hutetemeka mpaka herufi zinaonekana kama ramani ya mito. Anayeandika ni ndugu yako, nami nasema naye anaandika, na nimemwagiza asiongeze wala asipunguze.

(Dada, ni mimi. Si mzima sana. Miguu imevimba mpaka magoti na anapumua kwa shida, lakini mdomo uko sawa. Mbugua.)

Nakueleza ilivyokuwa. Wiki mbili zilizopita ndugu yako alikuja kwangu jioni akasimama mlangoni. Akasema ametumwa chumvi. Mtu mwenye duka, na mke mwenye jiko lililojaa, anakuja kwa mgonjwa wa moyo aliyekatazwa chumvi.

(Chumvi ilikuwa imeisha kweli.)

Haikuwa imeisha. Nekoye akamletea pakiti. Akaishika, akaketi. Nekoye akatutazama, akasema anaenda kufunga kuku, na jua lilikuwa bado halijashuka. Ndipo akaniuliza, "Hiyo dawa yako, inaleta usingizi?" Nikasema si usingizi tu, inarudisha hamu ya kuamka. Akauliza kama mtu akiitumia watu hujua. Nikamwambia mimi nimetumia miezi mingi na kanisa zima linajua tu kwamba ninaoa.

Akacheka. Wachuka, nilikuwa nimesahau kicheko chake. Kinaanzia puani. Si cha baba yangu kabisa, sijui alikitoa wapi.

(Ni cha Mama.)

Ni cha mama yenu, ni kweli. Basi leo tumekuja wote wawili. Mimi kwa moyo, yeye kwa daktari Akoth. Alitaka niingie naye. Daktari akamuuliza kama huwa analia, akasema hapana, nami nikasema anadanganya, muulize kuhusu saruji. Daktari akanitoa nje. Alikaa humo ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa mwekundu machoni, akaniambia—andika, Mbugua, usiache kalamu juu—akaniambia "Kuna moshi mle ndani."

Kisha akasema, "Hapana, Baba. Hakuna moshi."

Nimechoka kidogo. Nilitaka kukuambia pia kuhusu kahawa, na kuhusu jina la mjukuu anayetarajiwa nyumbani kwa ndugu yako, kwamba wampe jina wanalotaka lakini wamwambie ni lake

(Amelala. Ameegemea bega langu na mdomo wazi, na sitaki kusogea, kwa hiyo mwandiko usamehe.

Dada, nilikuwa sishiki simu yako kwa sababu nilijua utaniuliza, na ukiniuliza ningekuambia. Ni kweli. Ni muda mrefu sasa. Dukani nacheka na wateja, nikifika kwa boma mwili unakataa kutoka kwa gari. Si kwamba nina shida na Sue au watoto. Ni kwamba nikiingia ndani lazima niwe mtu, na kwa gari sikuwa mtu yeyote. Nilifikiri ni mimi peke yangu nimezaliwa hivyo, nikapewa jina kubwa kwa makosa. Siku Mzee aliniambia kwa pikapu nilikasirika vibaya sana. Nilikasirika kwa sababu nilisikia nafuu, na sikujua mtu anaweza kusikia nafuu kwa kujua baba yake aliugua.

Daktari wa moyo ameniita kando. Anasema si muda mrefu. Wiki, labda pungufu. Njoo, hata kama ni kwa trakta. Nimehamishia godoro langu chumbani kwake na usiku tunaongea. Ananiambia mambo ya zamani, mengine ya aibu, na ananiita mwanangu, na mara nyingine akisahau ananiita Baba, tunacheka.

Anaanza kusogea. Akiamka atataka nimsomee barua kabla ya kuifunga, unamjua, atasahihisha hata nukta. Nitamsomea yote, pamoja na hapa.

Ndugu yako mdogo,
Mbugua)